Maji ya Buluu Kwenye Chemba ya Mwisho

2 Machi, Ijumaa

Bismillahi. Dayari hii nimepewa na meneja wa nyumba ya wageni ninayoifulia mashuka. Ilimbakia, hakuwa na wa kumpa. Nilitaka kuiweka kabatini, lakini leo adhuhuri mvua ya kwanza imepiga, mtaa mzima ukatoka barazani kuitazama kama mgeni anayekuja na mizigo mingi. Nikasema, basi niandike msimu huu, nione utatufikisha wapi.

Mimi ni dobi. Nyumba yetu ni ya juu kabisa, mwisho wa mtaa; kutoka hapa njia inateremka mpaka barabara kuu. Ndani tuko watatu: mimi, mume wangu ambaye ni fundi rangi, na mama yake, ambaye nami namwita Mama, maana wangu alitangulia zamani. Miguu ya Mama imechoka lakini mikono bado. Mimi nafua, yeye anakaa kwenye kiti chake barazani na beseni la maji ya buluu, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, mbele yake, na kila shuka jeupe linapita mikononi mwake mwisho kabisa. Wateja wanausifu weupe wa mashuka yangu. Weupe ule ni wa Mama.

Mwaka jana wakati wa jua ulikuja mradi wa majitaka. Wakachimba mtaa wote, wakalaza bomba, wakafukia. Kila nyumba ikaachiwa kichwa cha bomba chenye kifuniko; chetu kiko kando ya kiti cha Mama. Mume wangu alipoona bomba limefika mlangoni hakungoja la pili. Akajenga choo cha ndani, vigae vyeupe, beseni la kunawia, hata kioo. Kisha akalifukia shimo la choo chetu cha zamani, akamwaga zege juu, akasema, "Hapa utaanikia mashuka, mke wangu." Majirani wakamwona, nao wakafukia mashimo yao. Ilikuwa kama harusi, watu wanaazimana makoleo na kuimba. Mmoja tu alikataa, mstaafu wa reli anayekaa katikati ya mtaa. Alisimama mlangoni pake mikono kiunoni akasema, "Subirini kwanza. Bomba halijanywa maji hilo. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Siku ile ile akabatizwa jina, Bwana Subiri. Na mume wangu, kwa utani wake, akachovya brashi akaandika kwenye ukuta wa choo cha mzee wa watu, kwa herufi nyekundu: MAKUMBUSHO. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Haukupita mwezi mkandarasi akaondoka na mitambo yake. Fedha zimekwama. Kilibaki kipande kidogo tu, cha kuvuka barabara kuu na kuungana na bomba kubwa la jiji. Tukaambiwa tusimwage kitu bombani mpaka lipimwe na kuunganishwa. Mdomoni mwa mtaa wakaacha mtaro wazi, na pembeni yake chemba ya mwisho, ndani kubwa kama chumba, imezibwa upande wa barabara. Watu tunavuka mtaro kwa mbao. Gari haliingii.

Kwa hiyo mtaa mzima sasa una choo kimoja. Makumbusho.

4 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki.

7 Machi

Foleni ya Makumbusho asubuhi ni mkutano wa hadhara. Kila mtu na ndoo yake, kila mtu na mwavuli wake, na wote tunajifanya hatuna haraka. Leo mume wangu alikuwa nyuma yangu. Bwana Subiri akatoka na kikombe chake cha chai, akatukagua kama anakagua behewa.

"Karibuni, karibuni. Fundi, umekuja kutazama mambo ya kale?"

"Nimekuja, mzee."

"Usiguse vitu vilivyohifadhiwa."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Mimi nilikasirika kidogo, nikasema moyoni, mzee huyu anafurahia. Astaghfirullah. Choo ni chake, kicheko pia ni chake.

9 Machi, Ijumaa

Mama ndiye tatizo letu. Sisi tunateremka kwa miguu. Mama anabebwa mgongoni na mwanawe, kwenye utelezi, mbele ya macho ya watu. Akifika, watu wanampisha, na kule kupishwa ndiko kunakomuuma. Nilimletea ndoo yenye kifuniko chumbani. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, ndoo hiyo ni ya nini?"

"Ni ya usiku tu, Mama."

"Mimi naswali katika chumba hiki. Itoe."

Nikaitoa.

13 Machi

Mvua kubwa. Udongo wa kando ya mtaro umemeguka. Mlinzi wa mradi, ambaye sisi tunamwita Kamanda kwa ajili ya koti lake la jeshi, amefunga utepe mwekundu na mweupe akatangaza, "Raia, mwisho hapa!" Mkandarasi alimsahau pale na koti lake. Halipwi, lakini analinda. Nimempelekea chai.

18 Machi

Leo amekuja mhandisi wa jiji kuzungumza nasi. Tulidhani atakuja mwanamume mwenye tumbo. Akashuka binti mwembamba mwenye buti za mpira na kofia ngumu kwapani. Tulikusanyika kwenye baraza la Bwana Subiri kwa kuwa ndilo pana.

Hakutuzungusha. "Fedha za mkopo zipo," alisema, "lakini mkopeshaji hazitoi mpaka serikali iweke fungu lake. Serikali inangoja bajeti ipite. Mkandarasi naye anasema hachimbi tena mpaka alipwe alichokwisha kuchimba. Na kadiri siku zinavyokwenda bei ya mabomba inapanda, kwa hiyo hata ile bajeti ikipita huenda isitoshe, ikabidi kuomba tena."

Jirani yetu muuza mkaa akauliza, "Kwa hiyo, dada, kila mtu hapo anamsubiri mwenzake?"

"Kwa kweli, ndiyo."

Bwana Subiri akainua kikombe chake. "Na mimi mlinicheka kwa kusubiri peke yangu!"

Hata Mhandisi alicheka. Kisha mume wangu akasimama akauliza, "Kipande kilichobaki ni kifupi, tunakiona kwa macho. Sisi wenyewe tukichimba?"

"Chini ya barabara kuu kuna bomba la maji safi la nusu ya jiji, na nyaya za umeme. Mkigusa vibaya, watu watakunywa msichokitaka. Naomba msichimbe."

Alisema naomba, hakusema marufuku. Nikampenda. Nilimwambia, "Mwanangu, nenda kawaambie wakubwa zako kwamba hapa kuna wazee." Akaniambia atawaambia. Akaandika namba yake ya simu kwenye kiganja cha Kamanda kwa kalamu ya wino, maana karatasi ilikuwa imelowa.

19 Machi

Mvua.

20 Machi

Mvua. Kamanda hataki kunawa mkono.

26 Machi

Wifi yangu amekuja, dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa upande wa pili wa jiji, ghorofa ya tatu, nyumba nzuri, maji yanatoka mpaka jikoni. Ni mtu wa maneno makali na moyo laini, lakini maneno ndiyo yanayotangulia kufika. Alivuka mbao kwa viatu vya visigino huku akimshika Kamanda begani, akaingia akaona Mama anarudishwa kutoka Makumbusho mgongoni, kanga yake ina tope.

Hakusalimia. "Kaka, huyo ni mama yangu au gunia?"

"Dada, ni kwa muda tu."

"Muda gani? Umejenga choo chenye kioo ili mama ajitazame akiwa anabebwa?"

Nikaingilia mimi, "Wifi, tunajitahidi. In sha Allah litapata njia."

"Wifi, najua unampenda mama. Lakini mapenzi hayana bomba." Kisha akashusha sauti. "Sikilizeni. Nitakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Kama mama bado anabebwa hivi, namchukua, na sitamrudisha. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Na Mama alisikia, japo alikuwa amefumba macho na tasbihi mkononi. Wifi alipoondoka akaniuliza polepole, "Huko ghorofani kuna mahali pa kuanika?"

"Hakuna, Mama. Kuna mashine."

"Mashine inatia buluu?"

Nikasema sijui. Nikaingia jikoni, nikalia kidogo, nikamaliza.

30 Machi, Ijumaa

Niliomba sana leo. Sikuomba bomba. Niliomba Mama afe barazani pake, siku ikifika, na mikono yake ikiwa na kazi. Kisha nikaona haya kuomba habari za kifo wakati mtu mwenyewe yu nje ananiita nilete mashuka.

5 Aprili

Shimo la Bwana Subiri linapanda. Maji ya mvua yanaingia kutoka ardhini, na sisi tunaingia kutoka juu. Gari la kunyonya majitaka aliliita kwa hela yake. Likafika mdomoni mwa mtaa, likautazama mtaro, likarudi. Mpira wake haufiki hata nusu ya njia. Yaani mtaro uliochimbwa kutuletea usafi ndio unaotuzuia tusisafishwe.

Mume wangu amesema, "Atafunga. Ningekuwa mimi ningefunga. Hatuna uso wa kumwambia kitu."

6 Aprili, Ijumaa

Hakufunga. Ametoka baada ya swala ya Ijumaa, ametuita wote, nami nilidhani ndiyo saa yenyewe.

Akasema, "Shimo limebakiza kidogo. Nikiweka kufuli leo, mimi na mke wangu tutafika mwisho wa mvua. Nikiacha wazi, wiki chache tu litatufurikia sote. Nimefikiri usiku. Nimefanya kazi reli maisha yangu. Treni haimwachi abiria kwa sababu behewa limejaa, anasimama. Kwa hiyo tutasimama. Ndoo za kuogea zimwagwe kwenu, choo kiwe cha haja tu. Asubuhi wanawake na watoto mbele. Na wewe, fundi."

Mume wangu akaitika, "Naam, mzee."

"Mama yako asipange foleni. Na usimbebe mgongoni kama mzigo. Nina kiti cha mbao chenye mikono, tukikifungia miti miwili anabebwa ameketi, na watu wawili. Mmoja wewe. Mwingine mimi."

Mume wangu akataka kusema neno kuhusu ule ukuta. Bwana Subiri akamwahi, "Subiri. Tufunge kiti kwanza."

Nimemjua jirani huyu miaka yote hii, na ninaona haya kwamba nilidhani subira yake ni ubahili.

7 Aprili

Mama amebebwa kwenye kiti. Alirudi akasema, "Nimejiona kama mkuu wa wilaya." Amecheka mara ya kwanza tangu wifi aje.

12 Aprili

Mvua. Nimepata mashuka ya nyumba ya pili ya wageni. Uani kumejaa maji ya kufulia, hayana pa kwenda, tunatembea juu ya matofali kama kuku.

17 Aprili

Niliandika mapema mno kwamba Mama amecheka.

Jana jioni nilimkuta ameinamia beseni, nikadhani anaswali kwa kukaa. Alikuwa amezimia. Midomo imekauka, imepasuka kama ardhi ya kiangazi, na nje mvua inamwagika! Tukamkimbiza zahanati kwenye kile kile kiti, mume wangu mbele, Bwana Subiri nyuma, mimi na mwavuli, tukivuka mbao Kamanda akituwashia kurunzi na kupaza sauti, "Pisha! Pisha raia!" wakati hakuna mtu njiani.

Daktari akamtundikia maji. Akaniita pembeni. "Huyu bibi hanywi maji. Kwa nini?"

Nikasema anakunywa, ninamwekea mtungi mimi mwenyewe kila asubuhi. Akasema, "Mtungi sijauona. Bibi nimemwona."

Nilirudi kitandani nikamshika mkono. "Mama, mtungi unaisha kila siku. Maji unayapeleka wapi?"

Akasema, "Nayatia kwenye buluu."

"Kwa nini, Mama?"

"Nikinywa nitataka kutoka. Nikitoka, mwanangu na mzee wa watu wanateleza kwenye tope kwa ajili yangu. Na nikichelewa, udhu wangu na nguo zangu… Mimi sikuzeeka ili nipoteze twahara."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuza uso ukutani akakaa hivyo hivyo kama anayeangalia rangi ilivyopakwa. Bwana Subiri ndiye aliyeingia, kofia mkononi, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Dada yangu," alimwambia, "mimi nimevusha watu kwenye reli usiku na mchana, mvua na jua. Hujapata kuwa mzigo hata siku moja. Unywe maji."

"Wewe mzee una maneno."

"Nina maneno na nina miguu. Unywe."

Mama akanywa. Kikombe kizima, sote tukimtazama kama mtoto wa shule.

Wifi kaambiwa kwa simu. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema tu, "Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, wifi. Nimeshapanga chumba."

18 Aprili

Mama kalala. Mvua imekatika asubuhi, ikarudi alasiri.

19 Aprili

Amerudi nyumbani. Ameuliza beseni lake kabla hajauliza chakula.

24 Aprili

Sijui nianzie wapi. Bado nacheka.

Leo kumekucha bila mvua. Kamanda akafunua kifuniko cha chemba ya mwisho, kama anavyofanya kila mvua ikikatika, kuangalia kama udongo umeingia. Akapiga kelele zilizofika mpaka kwetu juu. Watu wakateremka mbio. Chini ya chemba kulikuwa na maji, na maji yalikuwa ya buluu. Si buluu ya tope. Buluu safi, kama mbingu imeangukia shimoni.

Muuza mkaa akasema ni sumu ya kiwandani. Mwingine akasema ni rangi, wote wakamgeukia mume wangu, naye akaapa kwamba mwaka huu hajapaka buluu hata dirisha. Kamanda akafukuza watu wote nyuma ya utepe, akatazama kiganja chake, namba ilikuwa imefutika, lakini alikuwa ameikariri. Mhandisi akafika kabla ya adhuhuri na buti zake.

Akachota kwa kopo, akanusa, akasugua vidoleni. "Hii si kemikali," alisema. "Inanukia sabuni."

Hapo nilijua. Nikapanda mtaa nusu nikikimbia, Mhandisi nyuma yangu, nyuma yake mtaa mzima. Mama alikuwa kwenye kiti chake anakamua shuka. Pembeni yake kichwa cha bomba, na kifuniko chake kiko mapajani mwake, amekiwekea sabuni juu.

Mhandisi akachuchumaa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, binti."

"Bibi, maji ya buluu unayamwaga wapi?"

Mama akamtazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. "Hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu ua ulipojaa maji. Mwanangu anatembea juu ya matofali, ataanguka avunjike, na bomba liko hapa limekaa bure."

"Lakini bibi, mlikatazwa kumwaga kitu humo mpaka bomba lipimwe."

"Mlipoliweka hapa hamkunikataza mimi. Mliniambia, bibi, sogeza kiti tupitishe bomba. Nikasogeza. Sasa mtu anapitisha bomba nyumbani kwangu, mimi nitalitilia nini, sukari?"

Watu walikuwa wanajizuia. Bwana Subiri ndiye aliyeanza, kicheko cha kutoka tumboni, na sote tukafuata. Lakini Mhandisi hakucheka. Alikuwa amegeuka anautazama mtaa, kutoka kwetu juu mpaka chini kwenye chemba, midomo inamchezacheza kama mtu anayehesabu.

"Njiani hayajatokea mahali?" aliuliza. "Hakuna ua ulioota maji ya buluu? Hakuna aliyeona chemba za katikati zimefurika buluu?"

Tukajibu, hakuna.

"Bibi," alisema, "tulipaswa kulipima bomba hili kwa maji ya rangi, kuanzia nyumba ya juu kabisa, kabla hatujalifungua. Fungu la kupimia lilikwisha kabla ya zamu yenu kufika. Umenipimia wewe. Linateremka lote, na halivuji."

Mama akasema, "Alhamdulillahi. Lakini ondoka kwenye mwanga, naangalia shuka."

Kisha Mhandisi akakaa kwenye ngazi yetu akatueleza wazo lake, na niliandike vizuri ili nisilisahau. Chemba ya mwisho ni kubwa na imezibwa. Iko kando kabisa ya barabara kuu. Gari la kunyonya haliwezi kuingia mtaani, lakini linaweza kusimama barabarani na mpira wake ukafika chemba. Basi nyumba zote zitumie bomba, majitaka yateremke yenyewe mpaka chemba ya mwisho, na gari liyanyonye pale kila yanapokaribia kujaa, mpaka siku kile kipande kitakapounganishwa. Chemba iwe tangi letu la muda.

Mume wangu aliruka. "Basi leo leo!"

"Subiri," alisema Mhandisi, na watu wote wakamgeukia mwenye jina, naye akainama kidogo kama aliyepewa heshima. "Lazima wakubwa waidhinishe. Nitaandika usiku huu. Nitasema ukweli wote, pamoja na bibi."

"Niandike vizuri," alisema Mama.

27 Aprili, Ijumaa

Hakuna habari. Mvua imerudi na hasira. Makumbusho imebakiza kiasi cha kiganja.

29 Aprili

Mhandisi amepiga simu. Ofisi moja imekubali, ya pili inauliza gari litalipiwa na nani, maana halimo kwenye bajeti ya mradi. Bwana Subiri akachukua simu mkononi mwa Kamanda. "Waambie gari litalipiwa na watu waliokuwa wakilipia kuchimbiwa mashimo. Tulikuwa tunayajenga na kuyatapisha kwa hela zetu hata kabla mradi haujazaliwa."

Usiku mtaa mzima ulikubaliana kuchanga. Hakuna aliyebishana. Sijawahi kuona.

1 Mei

Hakuna habari. Wifi amepiga simu kuuliza Mama anavaa viatu namba ngapi, anataka kumnunulia vya ndani. Moyo wangu uko imara, namwamini Mola wangu. Ila leo nimekunja shuka moja mara tatu.

3 Mei

Bwana Subiri ametuambia kwamba kesho hataweza kumruhusu mtu tena. Amesema kwa aibu, kama yeye ndiye mwenye kosa. Mume wangu alimshika mkono kwa mikono miwili.

4 Mei, Ijumaa

Imekuja! Mhandisi mwenyewe kaja nayo, barua yenye mhuri ndani ya mfuko wa nailoni, na gari la kunyonya nyuma yake linasimama barabarani kwa ajili ya tope la mvua lililoingia kwenye chemba. Walikagua kizibo, wakaangalia chemba zote za mtaani. Kisha akapanda mpaka kwetu, akamwambia Mama, "Bibi, uzinduzi ni wako."

Hakukuwa na utepe wa kukata, maana wa Kamanda umekwisha kuchakaa. Mama akashikwa mkono, akaingia choo cha vigae vyeupe kwa miguu yake, akafunga mlango. Sisi sote tukabaki ukumbini tumesimama kimya kama msibani, mtaa mzima, hata muuza mkaa na masizi yake. Ndoo ya maji ikasikika. Chini kabisa, Kamanda kwenye chemba akapaza sauti, "Yamefika, raia! Yamefika!"

Mama akafungua mlango akatukuta. "Hamna makwenu?"

6 Mei

Wifi kaja kama alivyoahidi, na sanduku tupu la kumfungia Mama nguo, na gari la kukodi linamsubiri barabarani. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilimkaribisha, nikamwambia akae, nikaenda kumletea chai.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

"Chooni."

"Wamembeba?"

"Hapana, wifi."

Mlango wa ndani ukafunguka, Mama akatoka anajishika ukutani polepole, uso unang'aa maji ya udhu. Alimwona binti yake, akaliona sanduku.

"Karibu mwanangu. Hilo umeleta la kufulia?"

"Mama, tulipanga…"

"Adhuhuri imeingia. Umetoka safari. Nenda katawadhe kwanza, choo kiko humo ndani."

Wifi akaingia, akakawia. Nilisikia maji, kisha kimya, kisha maji tena. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu kidogo na mkono ulikuwa bado unashika shika ukuta wa vigae.

"Kaka," alimwambia mume wangu, "kile kioo umekitundika juu mno. Mama hajioni."

"Nitakishusha, dada."

"Kishushe leo."

Tukaswali sisi wanawake watatu, Mama amekaa katikati kwenye kiti. Baadaye wifi alibeba sanduku lake, na ndani yake nilimwekea mashuka yake mawili aliyokuja nayo mkobani kwa kuona haya, yameota manjano kwa ile mashine ya ghorofani. Mama aliyapitisha kwenye buluu yeye mwenyewe. Yamerudi meupe.

12 Mei

Gari limenyonya. Jua kidogo.

20 Mei

Mvua zinakatika, na maji ya shimo la Bwana Subiri yameanza kushuka. Mhandisi kapita. Bajeti bado. Mkandarasi bado. Anasema huenda mwaka ujao wa fedha, na hakutuapia. Mtaro upo vile vile, utepe mpya. Kamanda ameanza kulipwa, kidogo kidogo, na sisi ndio tunaomlipa, maana ndiye anayepima chemba kwa kijiti na kuliita gari. Sina wasiwasi. Tumejua kungoja huku tunatembea.

25 Mei, Ijumaa

Jua kamili. Mashuka yamekauka kabla ya adhuhuri, juu ya zege la lile shimo letu la zamani.

Mume wangu alichanganya rangi nyeupe, akachukua brashi na koleo, akaniambia, "Nifuate, niwe na shahidi." Tukateremka mpaka kwa Bwana Subiri. Alikuwa barazani na kikombe chake.

"Mzee," alisema mume wangu, "nimekuja kufuta upuuzi wangu ukutani. Na nimekuja na koleo. Shimo lako limeshafanya kazi ya mtaa mzima, likapumzike. Tulifukie."

Bwana Subiri akalitazama koleo. Akaitazama rangi. Akatazama kule chini, mtaro na utepe, na ng'ambo yake barabara kuu ambapo kile kipande hakijachimbwa.

"Subiri kwanza," alisema.

Mume wangu akaweka koleo chini. Hakucheka mtu. "Na maandishi, mzee?"

"Yaache. Ila juu yake umeacha nafasi. Andika na saa za kufungua."

Mume wangu akarudi nyumbani akachukua rangi nyekundu. Ameandika vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa rula, na mzee amesimama nyuma anamwelekeza: WAKATI WOWOTE.